Sauti Iliyochakaa: Uhakiki wa Santuri za Uzeeni za Frank Sinatra

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa waamuzi watano katika mashindano ya nyimbo. Karatasi ya alama tuliyopewa ilikuwa na safu iliyoitwa "usafi wa sauti", nayo ilibeba alama 30 kati ya 100. Akapanda jukwaani mzee mmoja wa umri wa miaka sabini hivi. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo, pumzi ilimkatikia katikati ya mishororo, na mara mbili hakuweza kuufikia mlio wa juu, akauzunguka kama mtu azungukaye dimbwi la maji. Nikampa alama 9. Kijana aliyemfuata, mwenye sauti kama kengele, alipata kwangu alama 27, na leo sikumbuki hata aliimba juu ya jambo gani. Wimbo wa yule mzee naukumbuka ubeti kwa ubeti.

Deni hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Nataka kuchunguza sauti inapozeeka hupoteza nini na hupata nini, na kwa kazi hiyo nimechagua mfano wa mbali, yaani santuri alizorekodi mwimbaji wa Marekani Frank Sinatra baada ya ujana wake kupita. Pengine mwalimu atauliza: ya nini kwenda Marekani katika kitabu cha utamaduni wa taifa? Sababu ni mbili. Kwanza, mtu huyu alirekodiwa kwa zaidi ya miaka 50, tangu 1939 hata 1994, kiasi kwamba tunaweza kuusikia wimbo ule ule kinywani mwake akiwa na miaka 38 na kisha 49, au 39 na kisha 65. Waimbaji wetu waliowekewa kumbukumbu ya namna hiyo ni wachache mno. Pili, si ndugu yetu wala jirani yetu, hivyo hapana atakayesema kwamba tunampendelea.

Sinatra alizaliwa tarehe 12 Desemba 1915 katika mji wa Hoboken, jimbo la New Jersey, na alifariki tarehe 14 Mei 1998. Alikuwa katika kundi la wale waimbaji wa sauti ya kubembeleza walioinuliwa na kipaza sauti; kabla ya chombo hicho mwimbaji alilazimika kupaza sauti mpaka mtu wa nyuma ukumbini asikie, bali kipaza sauti kilimruhusu kunong'ona. Kuanzia 1940 hata 1942 aliimba katika bendi ya Tommy Dorsey, mpiga tromboni, na mwenyewe alieleza mara nyingi kwamba alijifunza kuitawala pumzi kwa kumtazama Dorsey akipuliza. Hapo ndipo penye kiini cha ufundi wake wa ujanani. Sisi washairi tunajua kwamba mshororo una ukwapi na utao, na kati yao pana kituo kidogo. Kijana Sinatra aliuvuka ukwapi, akauvuka utao, akaingia mshororo wa pili kwa pumzi moja, na msikilizaji akahisi kana kwamba mtu anazungumza naye bila ya kukatizwa na jambo lolote. Mwaka 1950 mishipa ya koo lake ilivuja damu, akanyamaza kwa muda. Alirejea, akarekodi kazi zake mashuhuri za miaka ya 1950 katika kampuni ya Capitol, na mwaka 1960 akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Reprise, ili awe na uhuru wa kuchagua nyimbo. Aliiuza kwa kampuni ya Warner mwaka 1963, lakini akaendelea kurekodi kwa jina hilo. Santuri ninazozihakiki hapa karibu zote ni za Reprise.

Ya kwanza ni September of My Years, ya mwaka 1965. Niliipata kwa mjomba wangu, aliyekuwa baharia katika meli za mizigo, naye aliinunua Liverpool. Kwa hiyo ni chapa ya Uingereza, ambako santuri za Reprise zilitolewa wakati huo na kampuni ya Pye. Nilipoisikia mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi wa sekondari na nikaiona ni ya kuchosha. Nyimbo zote za polepole, fidla juu ya fidla, na mtu mzima anayelalamika kwamba siku zimekwisha! Niliirudisha kwenye bahasha yake. Nilipoitoa tena nilikuwa nimetimiza miaka arobaini na saba, na sikuinuka kitini mpaka upande wa pili ulipomalizika.

Mwimbaji alikuwa anakaribia miaka 50 alipoirekodi, na maudhui ya santuri nzima ni hayo hayo: mtu aliyefika mahali ambapo njia iliyo nyuma yake ni ndefu kuliko iliyo mbele. Mpangaji wa ala ni Gordon Jenkins, aliyependa fidla nyingi zinazolia kwa pamoja. Wahakiki wengine wanamshutumu Jenkins kwa kuzidisha sukari, na mahali pengine wana haki. Lakini katika wimbo wa Ervin Drake, It Was a Very Good Year, kila kitu kimekaa mahali pake. Fani yake ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuichambua: mtu anakumbuka umri wake wa miaka 17, kisha 21, kisha 35, kila umri na ubeti wake na wanawake wake, na ubeti wa mwisho ni wa sasa, yaani wakati wa jioni ya maisha. Kati ya ubeti na ubeti hulia ala ya oboe, ndugu wa zumari yetu. Maneno yenyewe si makubwa. Ukubwa uko katika jinsi Sinatra anavyoubadili uzito wa sauti kila umri unapopanda, bila ya kuigiza ujana katika ubeti wa kwanza. Angeweza kuifanya sauti iwe nyepesi ili ifanane na kijana wa miaka 17. Hakufanya hivyo. Anayekumbuka ni mzee, basi sauti inabaki ya mzee, na ujana unasikika kama kitu kilichoko ng'ambo ya mto.

Katika santuri hiyo hiyo umo wimbo wa Harold Arlen na E. Y. Harburg, Last Night When We Were Young, ambao Sinatra alikuwa ameurekodi mwaka 1954, ukatolewa 1955 katika albamu ya In the Wee Small Hours. Namsihi kila mwalimu awasikilizishe wanafunzi wake chapa hizi mbili moja baada ya nyingine. Katika ile ya 1954, iliyopangwa na Nelson Riddle, sauti ni nzuri mno. Inapanda kama moshi wa ubani, na huzuni yake ni huzuni ya mtu aliyeachwa na mpenzi juzi. Katika ile ya 1965 sauti imekuwa nzito, na ukingoni mwake mna ukwaruzo mdogo. Sasa lile neno la Kiingereza lenye maana ya "usiku wa jana" haliwi tena jana. Linakuwa miaka ishirini. Maneno hayakuongezwa hata herufi moja. Umri wa mwimbaji umeyapa maana ambayo watunzi walikuwa wameiweka ndani yake tangu mwanzo, lakini kijana hakuwa na ufunguo wa kuifungulia.

Hapa lazima niseme neno juu ya chapa, kwa kuwa wengi hudhani kwamba santuri ni santuri. Santuri huzaliwa kwa kuchonga mfereji katika sahani laini, kisha hutengenezwa muhuri wa chuma ambao hugandamiza plastiki. Muhuri huchakaa, nakala za mwanzo huwa na makali ambayo nakala za mwisho hazina. Tena mfereji una mipaka. September of My Years ina nyimbo 13 na huchukua karibu dakika 45, jambo ambalo ni mzigo kwa sahani moja: mifereji hubanwa, sauti hupunguzwa nguvu, na kadiri sindano inavyokaribia katikati ndivyo milio ya juu inavyofifia. Ndiyo sababu nyimbo za mwisho wa kila upande zahitaji nakala safi na sindano isiyokuwa butu. Nakala ya mjomba ni ya mono, yaani sauti zote hutoka mahali pamoja. Siku hizo kila santuri ilitolewa kwa namna mbili. Kwa zile za Marekani, herufi F kabla ya namba ilimaanisha mono na FS ilimaanisha stirio. Wapenzi wa stirio watanicheka, lakini naipenda mono ya santuri hii kwa kuwa fidla za Jenkins hazipati nafasi ya kutanda chumba kizima, na mwimbaji husimama mbele yangu peke yake.

Kwa santuri ya pili ninayoipenda shauri langu ni kinyume chake. Francis Albert Sinatra & Antonio Carlos Jobim ilirekodiwa kuanzia tarehe 30 Januari hata tarehe 1 Februari 1967. Ina nyimbo 10 tu, saba za Jobim wa Brazili na tatu za Marekani, na yote haifiki dakika 30. Kwa hiyo mifereji imekaa kwa nafasi, na ni vema kwamba imekaa hivyo, maana hapa Sinatra anaimba kwa sauti ya chini kuliko mahali pengine popote katika kazi zake. Jobim anapiga gitaa na kuimba kidogo. Claus Ogerman amepanga fidla na filimbi zisizogusa ardhi. Santuri hii ikiwa na mkwaruzo mmoja tu, mkwaruzo huo utamshinda mwimbaji kwa kelele. Tafuta nakala safi ya stirio au uiache.

Ninaithamini kwa sababu nyingine pia. Mtu wa miaka 51, mwenye jina kubwa, aliyezoea okestra ya kumfuata, ameingia katika nyumba ya muziki wa wengine na amevua viatu mlangoni. Mdundo wa bosa nova hausukumi. Unayumba taratibu kama ngalawa iliyotia nanga. Mwimbaji mwenye kiburi angejaribu kuusukuma. Yeye anasubiri nyuma kidogo ya mdundo, na pale ambapo pumzi haimtoshi tena kuunganisha mistari kama zamani, anaikata, na mkato unakuwa sehemu ya mdundo. Mwaka 1969 walirekodi tena nyimbo nyingine pamoja, safari hii zikipangwa na Eumir Deodato. Albamu yake iliandaliwa, ikaondolewa kabla ya kuuzwa kama santuri, ila kanda chache za magari zilikwisha kuponyoka; nyingi ya nyimbo hizo zilitokea katika santuri ya Sinatra & Company ya 1971. Wakusanyaji hutoa fedha nyingi kwa kanda hizo. Mimi sioni sababu, maana kanda za namna ile hazikuwa na sauti nzuri hata zilipokuwa mpya.

Nipite haraka katika santuri aliyoifanya na Duke Ellington, iliyorekodiwa tarehe 11 na 12 Desemba 1967, siku ya pili ikiwa ndiyo siku aliyotimiza miaka 52. Bendi inasikika imechoka katika baadhi ya nyimbo. Wimbo mmoja, Indian Summer, unatosha kuilipia santuri nzima, kwa ajili ya saksafoni ya Johnny Hodges.

Nitaulizwa juu ya My Way, wimbo wa Kifaransa uliotiwa maneno ya Kiingereza na Paul Anka, ambao Sinatra aliutoa 1969. Ndio unaojulikana kuliko zote, na unapigwa hata katika mazishi. Mimi siuweki katika hesabu yangu. Majigambo ni fani halali katika fasihi yetu; lakini shujaa wa majigambo hutaja vita alivyopigana, mito aliyovuka, na adui aliyemwangusha. Wimbo huu unajisifu bila ya kutaja hata tendo moja. Sauti ni kubwa, maudhui ni mtungi mtupu.

Mwaka uliofuata, 1970, alitoa santuri ambayo karibu hakuna aliyeinunua. Watertown ilitungwa na Bob Gaudio, muziki, na Jake Holmes, maneno. Ni hadithi moja katika nyimbo kumi: mtu wa kawaida katika mji mdogo ameachwa na mkewe, amebaki na watoto wawili wa kiume. Anamwandikia mkewe habari za watoto na za hali ya hewa. Katika wimbo wa mwisho yuko kituoni akingoja garimoshi litakalomrudisha mke. Watu wanashuka, garimoshi linaondoka, yeye hamwoni. Na hapo ndipo tunapofahamu kwamba zile barua hakuzipeleka. Mwalimu wa fasihi atatambua kwamba hii ni tamthilia ya mhusika mmoja. Hakuna shujaa, hakuna jumba la fahari, hakuna mwanamke mwovu. Pana kituo, barua, na mvua.

Santuri hii ina jambo la pekee katika utengenezaji wake. Sinatra alizoea kuimba pamoja na okestra chumbani, wote wakivuta pumzi pamoja. Kwa Watertown ala zilirekodiwa kwanza New York, naye akaongeza sauti yake baadaye huko California, akisikiliza kanda. Wengi wanasema jambo hilo liliiharibu santuri. Kwangu mimi liliifaa. Mtu anayeimba humo hana wa kumjibu, na mahali pachache anaachana na ala kidogo, kama msemaji asiyejua kwamba wenzake wamekwisha kuondoka. Wanunuzi wa 1970 hawakumtaka mfalme wa vilabu vya Las Vegas awe baba wa nyumbani mwenye fulana, na santuri haikuingia hata katika mia moja za kwanza za soko la Marekani. Ndiyo maana chapa ya kwanza haionekani kwa urahisi. Mwaka 2022 ilitolewa upya kwa mchanganyo mpya wa sauti kutoka katika kanda za asili. Ala zinasikika wazi zaidi, na asiyekuwa na chapa ya 1970 hatapata hasara. Ila mimi huona ule ukungu kidogo wa chapa ya kwanza unaufaa mji ule.

Mwezi Juni 1971 aliaga jukwaa, na 1973 akarudi na Ol' Blue Eyes Is Back, santuri ya heshima isiyo na ajabu. Trilogy ya 1980 ni santuri tatu katika mkoba mmoja: ya kwanza, ya nyimbo za kale, ni nzuri, ya pili ina ule wimbo wa New York unaopigwa kila mahali, ya tatu, ambamo Jenkins amemsafirisha mzee wa watu katika sayari pamoja na kwaya, naikabidhi kwa wenye subira kuliko mimi.

Kisha, mwaka 1981, akiwa na miaka 65, alitoa She Shot Me Down. Hii ndiyo iliyonikumbusha alama 9 zangu. Sauti imechakaa, hapana haja ya kuficha. Milio ya chini ina mchanga, milio ya juu inafikiwa kwa kusukuma, na pumzi, ile pumzi aliyoijenga kwa Dorsey, imekuwa fupi. Karibu nyimbo zote ni za kushindwa na za kuachwa, na sehemu kubwa imepangwa tena na Jenkins, ambaye safari hii amezizuia fidla zake. Sikiliza A Long Night, wimbo wa Alec Wilder na Loonis McGlohon. Kijana angeuimba kama hadithi ya mlevi aliyemwona mtaani. Sinatra anauimba kama mtu anayetoa taarifa, anakata mistari mahali ambapo hakuna koma wala kituo, na kila mkato unamwonyesha mtu anayetafuta nguvu ya kutamka neno linalofuata. Ukiufunga mkato huo kwa pumzi ndefu, wimbo utakuwa mzuri zaidi na utakuwa uongo.

Tena amerudia humo, kwa kuuunganisha na wimbo mwingine, It Never Entered My Mind, ambao aliuimba katika ile albamu ya 1955. Mwanafunzi na alinganishe. Asiandike ipi ni "bora". Aandike pumzi inavutwa wapi katika kila moja, na neno lipi linabaki peke yake kwa sababu ya hiyo pumzi.

Mfano wa kinyume ni Duets ya 1993. Waimbaji wengine, wengi wao wadogo kwake sana, waliunganishwa naye kwa mitambo, sauti zao zikirekodiwa mahali pengine na nyingine zikiletwa kwa njia ya simu. Iliuzwa kwa mamilioni. Lakini kila anapofika mahali pa kuchoka, sauti nyingine inaingia na kumfunika, na ule mkato ambao ungetuambia kitu unazibwa kama ufa wa ukuta unavyozibwa kabla mgeni hajafika. Mzee wa miaka 77 ameheshimiwa kwa namna ya kutosikilizwa. Sikuilaani mitambo, Watertown nayo ilitengenezwa kwa mitambo. Nauliza tu ilitumiwa kufichua nini, au kuficha nini.

Wale waliomsikia Bi Kidude wa Zanzibar katika miaka yake ya mwisho, kabla hajafariki mwaka 2013, hawahitaji kwenda Marekani kwa somo hili. Lakini karatasi yetu ya alama haikuandikwa na watu waliomsikiliza kwa makini, wala mimi sikuipinga.

Baada ya mashindano yale niliomba kwa maandishi safu ile ibadilishwe iwe "sauti na maana". Nilijibiwa kwamba pendekezo limepokelewa. Nikaenda kumtafuta yule mzee nikiwa na kinasa sauti kidogo, nikaambiwa amefariki mvua mbili zilizopita. Mpwa wake alinikaribisha, tukaketi barazani, na kati yetu wawili tukaandika beti zote tisa katika daftari. Kisha tukajaribu kutia alama kwa penseli mahali alipokuwa akivuta pumzi. Katika ubeti wa nne na wa saba hatukuafikiana. Yeye anasema ni kabla ya kina cha kati, mimi nasema ni baada yake, na penseli ya daftari ile bado ina alama zote mbili.